Yai Lako Liko Chini ya Kisahani

Baba Joyness,

Nimetangulia Kibosho kwenye kipaimara cha Gladness. Yai la kuchemsha liko chini ya kisahani, na samaki nimemponda, hana mwiba. Anza na hivyo. Mtori wa ndizi baadaye, na maji usinywe pamoja na chakula. Daktari alisema protini kwanza. Hilo tumbo walilokupunguzia ukilijaza ndizi, samaki atakaa wapi?

~~Nitarudi mapema nikupikie.~~ Nitarudi jioni. Na mimi nikapikiwe.

Asubuhi zipu ya gauni langu ilipogoma, ulicheka. Nikavua, nikavaa kitenge, sikusema kitu. Sasa nasema. Tangu utoke hospitali unakula vijiko vinne, unasukuma sahani, unasema umeshiba. Mimi nimeshapika, nimeshachoka. Unadhani kinachobaki kinaenda wapi? Mimi kumwaga chakula siwezi, unanijua. Nakimaliza mwenyewe, nimesimama hapo jikoni, kila siku.

Kuanzia leo jipakulie mwenyewe, kile tu utakachomaliza. Kilo zako hazikupotea, Baba Joyness. Ninazo mimi.

Mama Joyness