Vipande Vinne vya Memori

2 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi huku wazima, ila pua yangu imeziba kwa vumbi la watu wachafu, na ukisoma utajua kwa nini. Mzigo wenu nimeutuma leo. Kwa pesa mliyojichanga wewe na shemeji, vifaa vipya tusahau, kwa hiyo nimekwenda kwenye ofisi moja iliyofungwa, kompyuta zao zinauzwa kwa lundo. Nafungua moja, nakuta chingamu imebandikwa ndani, ina alama za meno! Mtu mzima, ana tai shingoni, anatafuna na kubandika kwenye mashine ya mwajiri. Ptuu! Nimesugua kwa spiriti mpaka vidole vimechubuka.

Kwenye boksi kuna vipande vinne vya memori. Viwili vyako, viwili vya shemeji. Hivyo ndivyo vitakavyofanya gemu zenu ziache kukwama. Gawaneni sawa, msije mkanipigia simu mnagombana kama watoto.

Kaka yako

21 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole na pua. Sisi hatujambo, mzigo umefika salama. Mume wangu amefunga mwenyewe, mimi nikimshikia tochi. Ulilalamika kuhusu chingamu? Njoo uone mashine ya shemeji yako! Alipofungua ubavu wake, mende walitoka kama wamesikia kengele ya shule. Kwenye feni kulikuwa na vumbi la mafuta mafuta, limeshikana na kucha. Kucha, kaka! Za miguu! Anajikata akiwa mchezoni, zinarukia humo humo. Nilikwenda kutapika, yeye huku anacheka, eti mende ni wapangaji wake.

Basi, nimemsamehe kwa sababu sasa mashine zote mbili zinakwenda mbio. Tumeingia ligi ya wawili wawili, na mpaka leo hakuna aliyetufunga. Unajua mimi siku nzima niko kwenye cherehani, naye yuko ghalani anahesabu magunia. Saa ile moja ya jioni, tumekaa bega kwa bega, ndiyo ndoa yetu yenyewe.

Mdogo wako

9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza muda wote huu. Watoto hawajambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Ni mikono. Tangu mwezi wa tatu nachelewa. Nabonyeza, na mtu wangu kwenye skrini anageuka wakati adui ameshanimaliza. Mume wangu kaikagua mashine yangu, kasema ni nzima, tatizo ni mimi. Mwanzoni alinitania, "Bibi kizee, vaa miwani," na wenzetu wa ligi wakadakia. Baadaye akaacha utani, akanikalisha, akaniambia taratibu, "Mke wangu, mama yako si alianza hivi hivi?"

Unakumbuka mama alivyoanza kuchelewa kushika kikombe, mpaka tukawa tunamlisha kwa kijiko. Nimekwenda hospitali mara tatu. Mume wangu hunisindikiza, hunibebea mkoba, tunakaa wote foleni, ananifuta machozi mbele za watu. Daktari haoni kitu, lakini ameniandikia kipimo cha mishipa ya fahamu, tarehe 28. Cha ajabu, kazini uzi unaingia kwenye sindano mara ya kwanza. Sielewi.

Ligi nimejitoa, nafasi yangu kapewa mwenzake wa ghalani. Nakaa naitazama mikono yangu naona kinyaa, kama nimebandikwa ya mtu mwingine.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Hali yako sikuulizi, nimeshaijua, na hapa nilipo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nisikilize vizuri. Katikati ya Machi shemeji alinipigia simu, akaniuliza vipande vinne vya memori vinapangwaje kwenye mashine moja. Nikamweleza nafasi kwa nafasi, kama bwege. Nilidhani mmekubaliana, au wewe umechoka na gemu. Sikukuuliza. Hilo ni kosa langu.

Mashine iliyonyang'anywa memori ndivyo inavyokuwa: unabonyeza sasa, inatii baadaye. Uzi unaingia kwenye sindano kwa sababu mikono yako mizima, mama weee!

Akiwa kazini, chukua bisibisi, fungua mashine zote mbili, hesabu. Namwomba Mungu niwe nimekosea.

Kaka yako

23 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Hukukosea.

Yangu nimeikuta na kipande kimoja, tena kile kikuukuu cha kabla ya mzigo wako, tulichokubaliana kitupwe. Yake ina vinne. Mende nao wamerudi, mmoja katulia juu ya vipande vyangu, hana habari. Safari hii sikutapika. Nimeingiza mkono humo humo, nikavitoa viwili vyangu, nikanawa mara tatu, nikavirudisha mahali pake. Kisha nikacheza. Kaka, nilicheza! Nilikuwa nacheka huku kamasi zinanitoka.

Aliporudi nikamwuliza. Alikuwa anakula, na akaendelea kula. Hakukana. "Nilitaka tupande daraja kwanza, halafu ningekurudishia. Wewe si unacheza kujifurahisha tu?" Nikamwuliza, na hospitali? Na kumtaja mama? Akalamba kidole, macho makavu kabisa: "Si nilikupeleka? Mwanamume gani mwingine angekaa kwenye foleni zote zile?"

Angeniibia tu, ningemeza. Lakini huyu kamfukua mama yetu kaburini ili afiche vipande viwili vya memori! Kaniacha niogope kufa kidogo kidogo kama mama, miezi miwili, naye anaona, anajua, ananipa leso. Sasa hata nikimsikia akitafuna, nainuka mezani. Kikombe anachonywea nakiosha kwa maji ya moto. Akinigusa bega, nakwenda kubadilisha blauzi. Jana kaniletea na vile viwili vyake, kavifunga kwenye karatasi ya maua, kaviweka mezani kwangu, kasimama hapo akingoja nishukuru. Sijavigusa.

Ningeweza kukaa kaka, nisikufiche. Watu wanakaa na makubwa kuliko haya. Lakini leo asubuhi hospitali wamepiga simu kukumbusha kipimo cha tarehe 28. Wamepiga kwenye namba yake, kwa kuwa alijiandikisha yeye kuwa ndiye anayeniuguza. Mimi niko mlangoni navaa viatu. Nikamsikia anajibu, kwa sauti ile ile ya huruma ya kwenye foleni: "Asante sana, nesi. Hatutakuja. Mgonjwa wangu amepona."

Nakuja Jumamosi. Mwambie wifi anitandikie popote.

Mdogo wako