Mama Amekuja na Chupa ya Mafuta

Iosefo, usipige simu. Niko mlangoni mwa chumba cha upasuaji, wamemwingiza mwanangu Lagi.

Ile homa haikutokana na toala, kile kiungo cha chini ya kitovu ambacho wazee husema huhama, kama tulivyodhani. Ni figo. Figo limejaa usaha! Mtoto wa miaka sita!

Daktari kaona alama za vidole ubavuni. "Baba, nani alikuwa anambonyeza hapa?" Akarudia, "Nani? Mnataka usaha upasukie ndani?"

Nani tena kama si mama yangu? Kijiji kizima anakikanda yeye, hata mgongo wako. Mtoto analia akienda kukojoa, na mama anamwambia, "Lia tu mjukuu wangu, toala inarudi mahali pake." Nami nimemshika miguu!

Usaha, Iosefo. Daktari anasema figo likitolewa akabaki hai, tushukuru.

Mama kafika sasa hivi, chupa ya mafuta ya nazi mkononi. "Nimechelewa, mwanangu. Mke wa Iosefo aliniita nikamkande mtoto wao, naye ana homa na analia akikojoa."

Iosefo, acha shamba. Mlete huku sasa hivi, na mtu yeyote asimguse tumbo.