Mguu wa Mama Mkwe

Silanga, Kibera
Aprili 1974

Nekoye mke wangu,

Mimi mzima, ila mvua imeangusha choo cha landilodi.

Barua yako nimeisomea hapa kazini, kwa mabanda ya farasi. Namuuguza Malkia, farasi aliyechanwa mguu na seng'enge. Mwanzoni nilimpaka samli na majivu kama ng'ombe wa nyumbani. Nyama ikaota juu, kidonda kikakataa kufunga. Daktari wa mifugo akanifundisha: maji ya chumvi yaliyochemshwa, kitambaa safi kila asubuhi, basi. Anapiga mateke, kwa hivyo namfunika macho na gunia kwanza. Sasa kinafunga polepole kutoka pembeni.

Unasema mama yako bado anapakwa samli kwenye ule mguu wake, hospitali hataki, na wewe unaogopa kugusa kidonda chake. Acheni hiyo samli. Najua mimi mkwe siruhusiwi hata kuketi naye nyumba moja. Lakini nakuja Jumamosi. Tundika shuka katikati ya nyumba, akae upande wake, apitishe mguu chini. Uso wake sitauona. Wazee wakikasirika, wanikasirikie mimi.

Wewe chemsha maji tu.

Mume wako,
Wekulo