Viungo Nilivyoving'arisha

Jumanne jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, na kutoka dirishani ziwa halionekani.

Leo Vestine ameniomba msamaha kwa kosa nililolifanya mimi.

Vestine ni fundi mwenzangu katika karakana ya vifaa vya umeme hapa Gisenyi. Wiki iliyopita alitengeneza bodi ya umeme inayoendesha mtambo wa kupozea maziwa wa ushirika mmoja wa Rugerero. Alitumia lehemu ya kisasa isiyo na madini ya risasi, ile ile iliyotumika kiwandani. Viungo vyake, pale vipande vinaposhikizwa kwa lehemu, vilikuwa vya kijivu, vimefifia. Mimi nilifundishwa kwamba kiungo kizuri hung'aa. Alipokwenda nyumbani, nikavipasha moto vichache na kuviongezea lehemu yangu ya zamani, yenye risasi, mpaka vikang'aa. Sikumwambia.

Nilikwisha kusoma kwamba kufifia ni hali ya kawaida ya lehemu mpya, na kwamba mchanganyiko wa mpya na ya zamani hauaminiki, hasa penye mtikisiko. Nilisoma, lakini jicho langu halikukubali.

Mtambo ule hutikisika mchana kutwa. Jana ulizimika, na wafugaji wakamwaga maziwa yao.

Leo meneja wa ushirika ameirudisha bodi, akasema mbele yetu sote kwamba hataki Vestine aguse tena kitu chao.

"Bon, leo chai ni bila maziwa," fundi mmoja akamtania mwenzake. "Kamuulize Vestine yako wapi."

Vestine hakucheka. Alinijia mezani. "Muzee, unisamehe. Nimeiharibia karakana yetu jina."

Nikamjibu: "Uwe mwangalifu zaidi."

Ndivyo nilivyosema. Kwa sauti ya mwalimu.

Walipotoka kwenda kula, niliitazama bodi kwa lenzi. Ufa umepita katikati ya kiungo kimoja nilichoking'arisha. Vile vya kijivu alivyoviacha yeye ni vizima vyote.

Ningeweza kumwita pale pale. Niliifunika bodi kwa kitambaa, nikanawa mikono.

Sikuogopa kufukuzwa, umri wangu umeshapita hapo. Niliogopa kuonekana mkosaji mbele ya wale niliozoea kuwakosoa.

Asubuhi nitaiweka bodi mezani pamoja na lenzi, nimwite Vestine atazame, na wale waliomsikia akiomba msamaha wawepo. Kisha tutapanda moto, zile pikipiki za abiria, pamoja hadi Rugerero, na kwa meneja nitatangulia mimi kusema.

Je, atakubali kupanda?