Pasi Sita za Treni

Nyumba ya nyuma ya stesheni,
Kamihara.
26 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Mitsuyo,

Habari za Lima? Goti linaendeleaje, na mkwe wako ameshajifungua? Nilipokea picha ya duka lenu, nimeibandika jikoni. Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia mapema, nimeshaanika figili za kutia chumvi. Mimi mwenyewe ni mzima, ila nimekuwa mkaidi kuliko ulivyoniacha.

Ulisikia kwa shangazi kwamba nimegombana na chuo kikuu, ukaniuliza kama nimefukuzwa. Sijafukuzwa. Kaa nikueleze.

Unajua nimepika kwenye bwalo la chuo miaka kumi na tisa. Tuko wanawake sita, wote tunalipwa kwa saa, na siku zote chuo kilitununulia pasi ya treni ya mwezi. Mwezi wa tisa ofisi ilitangaza kwamba wafanyakazi wa saa watalipiwa njia ya nauli ndogo tu, ile itakayochaguliwa na kompyuta. Kwetu kompyuta ikachagua basi. Maprofesa waliachiwa pasi zao.

Nilikwenda kwa Bwana Onodera, afisa wa nauli, kijana mpole mwenye tai iliyonyooka. Nikamweleza kwamba basi la kwanza linafika getini saa mbili kasorobo, na wanafunzi wanakula saa moja na nusu. Akanionyesha karatasi. Hakuna popote palipoandikwa saa, akasema, pameandikwa nauli.

“Mama Hatsue, mimi sina la kufanya. Kanuni inasema basi.”

“Basi nitapanda basi,” nikamwambia.

Alidhani nimekubali.

Jumatatu ambayo kanuni ilianza kutumika, katikati ya mwezi huu, nililala mpaka kukapambazuka, jambo ambalo sijalifanya tangu mume wangu alipofariki. Ijumaa kabla ya kuondoka nilikuwa nimebandika karatasi kwenye mlango wa bwalo: “Mpishi yuko kwenye basi, kama ofisi ilivyoagiza.” Nilipofika kwa basi na wenzangu wanne, wanafunzi mia na zaidi walikuwa wamejipanga kwenye baridi, wengine wametoka mazoezini na jasho lao. Mbele yao alisimama Yasue, mwosha vyombo wetu, analia. Yeye ni mjane na anaishi mbali kutushinda. Aliogopa kupoteza kazi, akajilipia treni, akakuta mlango umefungwa na ufunguo ninao mimi.

Nilimkasirikia, Mitsuyo, sikufichi. Halafu nikaona vidole vyake vilivyopasuka kwa sabuni, nikaona haya. Nikampa kazi ya kuosha mchele kwa maji ya moto. Siku ya pili alikuwa ndani ya basi kabla yetu, amenishikia kiti.

Wanafunzi wenyewe walibandua ile karatasi yangu wakaipeleka ofisini. Wengi wao wananunua pasi za wanafunzi kwa fedha za vibarua, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa. Msichana mmoja wa timu ya kupiga makasia alikaa kwenye ngazi za ofisi na bakuli tupu mapajani, na kila asubuhi waliongezeka. Mkuu wa ofisi alinipigia simu akisema ninahujumu chuo. Nikamjibu kwamba ninatii kanuni yake neno kwa neno. Akakata saa mbili za mshahara wetu kila siku. Tukatia saini karatasi za makato, tukaendelea.

Siku ya nne Bwana Onodera alikuja jikoni mwenyewe, akaweka juu ya meza pasi moja yenye jina langu. Mpishi mkuu, akasema, amepata kibali maalumu.

“Chukua, Mama, haya mambo yaishe.”

Wenzangu waliacha kukata vitunguu. Yasue hakuinua uso. Nakiri mkono wangu ulitaka kuichukua, maana kusimama kwenye lile basi kunaniua kiuno.

“Mimi siwezi kuosha bakuli mia nane peke yangu,” nikasema. “Andika na hawa watano.”

“Sina mamlaka hayo.”

“Mtafute mwenye nayo. Sisi basi letu la kurudi linaondoka saa kumi.”

Nikairudisha mkononi mwake.

Ilichukua siku sita nyingine za kazi. Jana zimeletwa pasi sita ndani ya bahasha, bila barua na bila samahani. Za miezi minne tu. Ofisi inasema itatazama tena mwishoni mwa Machi. Na itazame. Leo alfajiri tumepanda treni sote sita kwenye behewa moja, na Yasue alilala njia nzima, mdomo wazi. Hatukumwamsha mpaka tulipofika.

Msalimie mumeo Augusto, na mama mkwe wako, na Kenji na mkewe. Shangazi Fumie anakusalimu. Wazazi wetu waliotangulia wamwangalie huyo mtoto mpya azaliwe salama na asiinamishwe na mtu.

Dada yako akupendaye, mkaidi vilevile,

Hatsue