Mkamwana Wangu Ana Jina

Jumatatu, 5 Januari
Nimekamua mwenyewe tena. Ng'ombe kapiga teke ndoo, maziwa yote kwenye suruali. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Kawaida.

Nikiwa najifuta, Neema, mke wa mwanangu Marwa, akaenda kufungua lango la zizi. Alitaka kunisaidia tu. Mama yangu akapaza sauti toka jikoni: "Msagane hafungui lango!" Kwetu ndivyo anavyoitwa mwanamke ambaye hakukeketwa. Neema kwao Mbeya, mambo hayo hawana. Akarudisha mti wa lango mahali pake, akaingia ndani. Ng'ombe wakabaki wananitazama mimi.

Nimechukia.

Jumatano, 7 Januari
Neema kaniita nje. Mkamwana hamkazii macho baba mkwe, kwa hiyo aliongea akitazama migomba. "Baba, naomba uongee nao. Rhobi anasikia kila kitu." Rhobi ni binti yake, mjukuu wangu. Akasema neno hilo likiendelea, ataondoka naye.

Nikaahidi. Nikampigia Marwa, yuko kazini Geita. "Baba, malizeni hapo nyumbani." Asante, mwanangu.

Ijumaa, 9 Januari
Kikao. Mama, mke wangu, dada yangu Ghati. Nikasema neno hilo ni tusi, lisisikike tena hapa. Wakasubiri nimalizie. Nilikuwa nimemaliza.

Ghati akaangua kicheko. "Mwita, leo umetuweza! Msagane ndiye kakutuma?" Ukichekesha watu kwenye kila harusi na kila msiba, faida yake ndiyo hii. Nikakunja uso. Wakazidi.

Mama hakucheka. "Kwani nimedanganya? Amekeketwa?"
"Hapana, Mama."
"Haya."

Sasa hivi, peke yangu, nina majibu mazuri sana.

Jumanne, 13 Januari
Rhobi kaanza darasa la awali. Tumempeleka mimi na Neema. Mwalimu ni mgeni, katoka Tanga, mchangamfu. Akamuuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Mtoto akasimama wima. "Msagane!"

Kwa furaha kabisa. Alidhani ndilo jina. Wazazi waliojaa mlangoni wakacheka. Mwalimu naye akacheka, haelewi kitu. "Karibu sana, Mama Msagane."

Nikasema anaitwa Neema. Nilisema kwa ukali. Wakacheka zaidi, wananijua.

Neema hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 15 Januari
Ameondoka na Rhobi. Kapata chumba mjini Mugumu, atashona nguo sokoni. Mke wangu kamfungia unga na karanga. Cherehani yake, ile tuliyomnunulia mjini, nimeibeba mimi mpaka barabarani. Nzito. Nilitamani iwe nzito zaidi, tuchelewe basi.

Akanishukuru kwa kumtetea. Nikajiona sina maana kabisa.

Ghati anauliza ni nani kamuudhi.

Jumapili, 18 Januari
Mvua tangu asubuhi. Hakuna aliyekwenda kanisani.

Mchana Mama kapakua ugali, kwa mazoea akatenga na wa Neema, na kipande kizuri cha samaki. Akakiangalia kile kisahani muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia mgonjwa: "Msagane wetu atarudi lini?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Anampenda kweli.

Nikamwambia sijui. Nikafunika chakula, nzi wasitue.