Vyuma Nilivyovificha

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umepoa. Huku bomba la jikoni bado linavuja, na mwenye nyumba bado "anakuja kesho". Shati ulilonitumia limenikaa, ingawa naona ulilipimia tumbo langu la zamani.

Nasikia shemeji, mumeo, amefika huko na umemnunia, eti amefukuzwa kwa uzembe, kreni aliyoiendesha imeinua mzigo kupita uwezo wake ikalala ubavu, nusura imuue. Usimnunie, dada.

Yeye aliinua uzito alioambiwa, na uzito huo ulitoka kwenye mchoro wangu. Mchoro una jedwali linalojumlisha uzito wa vipande vya mashine aliyoiinua: alumini kivyake, chuma kivyake. Nilipokuwa nachora, nilivificha vyuma vya kitako ili nione ndani, na kompyuta haijumlishi kilichofichwa. Nikasahau kuvirudisha. Jumla ya chuma ikatoka ndogo, nami nikatia saini huku napiga soga.

Bosi alipomfokea shemeji mbele ya watu, nilikuwepo. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Shemeji akaniona. Na viatu vyangu havina kamba.

Kesho asubuhi naingia kwa bosi na mchoro wangu mkononi. Ukiniona mlangoni kwako na begi, nifungulie. Lakini chakula mpakulie yeye kwanza.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo hata kioo nakikwepa.